Visu tisa, karatasi nne za msasa, na mteja aliyetaka hela yake

Leo siongelei matangazo ya kulipia wala saa nzuri ya kuweka picha. Naongelea kisu. Najua wengi humu mnauza nguo na vipodozi, mtaniuliza kisu kinatuhusu nini. Lakini humu humu kuna wanaouza vyombo vya jikoni, kuna wa vifaa vya kambi, kuna wa mitumba mchanganyiko, na hao wote ipo siku watapokea meseji kama niliyoipokea mimi mwaka jana:

"Dada, kisu ulichonitumia hakikati hata nyanya. Naomba hela yangu."

Mimi nipo Moshi. Nauza mitumba ya vitu vya kambi: mabegi, tochi za kichwani, sufuria ndogo, na visu vya porini. Wateja wangu wengi ni vijana wanaofanya kazi mlimani, wapagazi, wapishi na waongoza watalii, pamoja na watu wa mikoani wanaonifuata mtandaoni. Siku hiyo nilikuwa nimepata visu tisa kwa mpigo kutoka kwa mama mmoja anayefungua mafurushi. Nilitoa shilingi 63,000, yaani 7,000 kila kimoja. Kwangu ilikuwa nusu ya mtaji. Saba kati yake vilikuwa visu vya Mora, vile vya mpini wa plastiki na ala ya plastiki, na viwili vya jikoni, vipana.

Nikavipiga picha juani, vikameremeta. Nikaweka 12,000 kila kimoja, na cha kwanza kikaenda Arusha siku hiyo hiyo. Sikukijaribu. Nilikiona kinang'aa, nikajua kinakata. Ndiyo kosa langu la kwanza, nalitaja mapema ili msije mkadhani mteja ndiye alikuwa na matatizo.

Jamaa hakuishia inbox. Alishuka mpaka chini ya posti akaandika kwamba visu vyangu ni vya kupigia picha. Watu wawili waliokuwa wameshaweka oda wakanyamaza. Unajua ule ukimya wa mteja aliyekuwa anajibu kila baada ya dakika mbili. Nikamrudishia jamaa hela yake pamoja na nauli ya mzigo, kisu kikarudi, na mimi nikabaki na visu tisa na posti yenye doa.

Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nina jirani ana banda la kuchomelea mageti. Nikamwazima grenda.

Jamani, grenda inatoa cheche nzuri sana. Unajiona fundi. Kwa dakika moja moja nikawa nimepitisha visu vitatu, na vyote vikawa vikali kweli, nikakata karatasi nikacheka mwenyewe. Ila karibu na ncha makali yalikuwa yamebadilika rangi: kwanza manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu bluu. Nikadhani ni uchafu. Kesho yake nikakata kamba ya katani mara tatu, kisu kimelala tena.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Chuma cha kisu kikitengenezwa huwa kinapashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, halafu kinapashwa tena kwa moto mdogo, mara nyingi kama nyuzijoto 200 kwa visu vya chuma cha kaboni, ili kisiwe cha kuvunjika kama kioo. Ukikipandisha juu ya hapo, ugumu unaanza kupotea. Ile bluu inatokea karibu na nyuzijoto 300. Na makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo yanafika huko kwa sekunde chache, wakati mkono wako ulioshika mpini hausikii joto lolote. Pale palipobluu ugumu hauwezi kurudi kwa kunoa. Inabidi usage chuma mpaka uipite ile sehemu. Visu vitatu mara 7,000, hesabu mwenyewe.

Aliyenitoa shimoni ni mzee mmoja fundi rangi wa magari, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilipita na vile visu kwenye mfuko, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu, hivyo visu unavipeleka wapi?" Nikamweleza. Akatoa kimoja cha bluu, akakigeuza, akatikisa kichwa. Halafu akachana nusu karatasi ya msasa wa maji kutoka kwenye boksi lake akanipa. "Gari zima nalisugua kwa hii mpaka unajiona sura," akasema. "Kisu chako kina urefu gani? Nenda taratibu."

MSASA GANI

Usichukue msasa wa mbao, ule wa rangi ya kahawia au njano. Taka msasa wa maji, karatasi yake ni nyeusi au kijivu cha kuiva, ndiyo wanayotumia mafundi rangi wa magari. Chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha kisu, na karatasi yenyewe hailoweki ikachanika kirahisi. Maduka ya rangi za magari wanayo yote, na mengi ya vifaa vya ujenzi pia.

Nyuma ya karatasi kuna namba. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo zaidi. Mimi natumia nne: 400, 800, 1200 na 2000. Kwa kisu chenye mapengo naanza na 240. Sasa hapa kuna kitu kimoja ambacho wauza duka wengi hawakuambii. Tazama kama kabla ya namba kuna herufi P. Yenye P inafuata vipimo vya Ulaya, isiyo na P mara nyingi inafuata vya Marekani, na kwenye namba za juu hivi viwili havifanani kabisa. 600 isiyo na P iko karibu na P1200. Kwa hiyo ukinunua moja hivi na nyingine vile unaweza kujikuta "unapanda" namba wakati chembe ni zile zile, unasugua nusu saa huoni mabadiliko. Nunua zote za aina moja yaishe. Kwa kipimo cha P, chembe za P400 ni kama maikroni 35 na za P2000 ni kama maikroni 10.

Karatasi moja kamili ina kama sentimita 23 kwa 28. Ikate vipande vinne vya sentimita 7 kwa 23. Kwa mikono yangu kipande kimoja kinanoa visu viwili. Karatasi nne, namba tofauti, nilinunua 1,500 kila moja, jumla 6,000, na zinatosha visu vinane. Hiyo ni 750 kwa kisu. Iandike kwenye daftari lako la gharama pamoja na muda wako, maana wengi wetu muda wetu hatuuhesabu halafu tunajiuliza faida imekwenda wapi.

KIOO, SIYO KITABU

Msasa peke yake hauna sura, unafuata kilicho chini yake. Ukiuweka juu ya kitu laini, mfano kitabu, kandambili au mauspedi, kisu kikipita msasa unabonyea halafu unainuka nyuma ya makali na kuyaviringisha. Yanakuwa na tumbo. Kuna visu vinavyonolewa hivyo kwa makusudi, mapanga na mashoka mengi yanafaa hivyo. Lakini kisu cha Mora kinataka kitu kigumu na kilichonyooka, na hakuna kilichonyooka kwa bei rahisi kama kioo.

Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, muombe kipande cha masalia cha milimita 5 au 6, upana wa kiganja, urefu wa sentimita 30 hivi. Mwambie akusagie pembeni kisikukate. Mimi nilipewa bure. Chini ya kioo weka kitambaa kilicholowa ili kisiteleze mezani, juu ya kioo mwagia maji kidogo, laza msasa, kandamiza. Maji yenyewe yanaushika. Ukianza kutembea, bana ncha moja kwa kibanio cha karatasi.

Halafu weka bakuli la maji pembeni. Kila baada ya dakika mbili tatu osha msasa, utaona maji meusi yakitoka. Hayo ni chuma. Usipoosha, msasa unaziba na unabaki unateleza tu.

JUA KISU ULICHOSHIKA

Hapa ndipo panapotenganisha anayenoa na anayekwaruza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Visu vya Mora vinatoka mji wa Mora, Uswidi, ambako vimekuwa vikitengenezwa viwandani tangu mwaka 1891. Kule kisu hiki ni cha kila mtu, cha seremala, cha mvuvi na cha mtu anayelala msituni. Kitazame kwa upande: ubapa umenyooka kuanzia mgongoni, halafu kama theluthi ya chini unaona mstari, na kuanzia pale kuna mteremko mmoja mpana unaoshuka moja kwa moja mpaka kwenye makali. Hakuna mteremko mwingine mdogo. Kila upande una nyuzi kama 11 hadi 13, yaani ni chembamba sana.

Huu mteremko mpana ni zawadi kwa mtu anayejifunza. Huhitaji kukisia pembe. Unaulaza msasani, unabonyeza kwa vidole viwili juu yake, unasikia kabisa umekaa. Hapo hapo ndipo pembe yake.

Kisu cha jikoni cha kawaida ni tofauti. Ubapa wake unashuka ukipungua mpaka chini, halafu mwishoni kabisa kuna kamteremko kembamba kama uzi, ndiko kenye makali. Ukikilaza chote unasugua ubapa, unakiharibu sura na makali huyagusi. Lazima uinue mgongo. Nyuzi 15 kila upande zinakitosha. Upana wa kisu ukiwa sentimita 4, mgongo uwe juu ya kioo kwa sentimita moja hivi. Ukiwa sentimita 3, inua milimita 8. Mimi napanga sarafu pembeni ya msasa, napima mgongo kabla ya kuanza, halafu naziondoa mkono ukishazoea.

Na kuna suala la chuma. Wengi wanapima kwa sumaku wakidhani kisichoshika kutu hakivutwi. Kwa visu hiyo si kweli, maana vyuma vingi vya visu visivyoshika kutu vinavutwa na sumaku kama kawaida. Baadhi ya visu vimechapwa ubapani kama ni stainless au carbon, ila kwenye mitumba maandishi mara nyingi yamefutika. Tumia limau. Tone moja ubapani, subiri dakika kumi. Chuma cha kaboni kinaacha doa la kijivu, kile kingine kinabaki kama kilivyo. Hii utaihitaji kwenye maelezo ya bidhaa, kwa sababu mteja wa Tanga akipelekewa chuma cha kaboni bila kuambiwa akifute, upepo wa bahari utamletea kutu kabla ya mwisho wa wiki, na lawama zitarudi kwako.

KUNOA KWENYEWE

Kwanza chukua makapeni, paka mteremko wote rangi kuanzia kwenye mpini mpaka nchani, pande zote mbili. Vuta mara tatu tu kwenye P400, kisha tazama. Wino ukitoka juu karibu na ule mstari ukabaki kwenye makali, umelaza sana. Ukitoka kwenye makali peke yake, umeinua mgongo. Ukitoka wote sawasawa, hapo hapo, usibadilishe kitu. Nimefundisha wenzangu watatu sasa, na makapeni imewasaidia kuliko maneno yangu yote.

Mwelekeo: vuta kisu kama unavyopaka siagi kwenye mkate, mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukitanguliza makali unachana msasa, na mara nyingi unachukua na kangozi ka kidole. Fika mwisho, inua, rudi mwanzo, vuta tena. Usiende na kurudi kama unasugua sufuria.

Ukikaribia ncha, kisu kinapinda. Hapo inua mpini kidogo kidogo huku ukivuta, ili mteremko uendelee kulala. Visu vingi vilivyonolewa na watu wenye haraka ncha yake ni butu, au imeviringika kama kidole gumba. Nenda pole pole hapo.

Vuta upande mmoja tu, ishirini, thelathini, mpaka uone ndevu. Ndevu ni jina langu. Maana yake ni kwamba ukisaga upande mmoja mpaka ukakutana na upande wa pili, chuma kinabaki chembamba mno na kinajikunja kwenda upande ambao hukuusaga. Ni kama kauzi, macho hayakaoni vizuri. Kakague kwa kidole gumba kwa kuanzia mgongoni kutelezesha kuelekea nje ya makali. Usitelezeshe kufuata urefu wa makali hata siku moja. Utasikia kitu kinakwaruza kama ukucha uliochanika. Zikiwepo kuanzia mpini mpaka nchani, upande huo umekwisha. Geuza, fanya upande wa pili mpaka zihamie huku.

Zisipokuwepo, hujafika. Usipande namba. Hili nasema kwa sauti kubwa, maana nililipia: mara ya kwanza nilitumia P400 dakika tano, nikaona mikwaruzo mizuri, nikahamia P800, P1200, P2000, saa nzima. Kisu kiking'aa kama kioo cha saluni. Hakikati. Nilikuwa nimeng'arisha ubutu. Kazi yote ya kufanya kisu kikali iko kwenye karatasi ya kwanza, zile nyingine zinafuta mikwaruzo tu. Siku hizi kwa kisu kilichochoka natumia dakika kumi na tano kwenye P400, na dakika kumi kwa zote tatu zilizobaki.

Kwenye P800 na kuendelea, punguza nguvu na upokezane: kumi kulia, kumi kushoto, halafu tano tano, halafu moja moja. Kila namba inazipunguza ndevu. Kwenye P2000 mkono uwe mwepesi kana kwamba unafuta vumbi kwenye simu.

Mwisho ni mkanda. Mkanda wa zamani wa suruali, wa ngozi ya kweli, siyo ile inayobanduka maganda. Ulaze juu ya ubao, upande wa ndani ukiwa juu, upake dawa kidogo ya kung'arishia vyuma, vuta mgongo ukitangulia, ishirini kila upande. Hapo ndevu za mwisho zinakatika. Huna mkanda, tumia boksi la kawaida lililolazwa kwenye kioo, linafanya kazi kuliko unavyodhani.

Kwa visu vya Mora nimeongeza kitu kimoja baada ya mteja mwingine, mpishi wa mlimani, kuniambia makali yalipinda alipopasulia mfupa wa kuku. Mteremko ukiwa mwembamba hivyo unakata ajabu ila haupendi mfupa. Sasa kabla ya mkanda nainua mgongo kidogo tu, milimita mbili hivi, navuta mara tatu kila upande kwenye P2000. Jicho halioni chochote, lakini makali yanapata kisigino. Wapo wanaokataa kufanya hivi kwa kuwa kisu kinapoteza urahisi wa kulazwa. Kwa mtu anayechonga vijiti tu nakubaliana nao. Kwa mpishi, hapana.

Osha kwa sabuni, kausha hapo hapo. Unga wa chuma na wa msasa hautakiwi kwenye kachumbari ya mtu. Cha kaboni kipake tone la mafuta ya cherehani, na mwambie mteja akioshe kabla ya kukatia chakula.

KUKIUZA

Vile visu sita vilivyobaki, pamoja na kile kilichorudi kutoka Arusha, nilivinoa kwa jioni tatu. Sikuvipiga picha juani tena. Nilichukua video ya sekunde kumi na tano kwa kila kisu: karatasi ya gazeti nimeishika kwa mkono mmoja, kisu kinashuka bila kusukumwa. Halafu nyanya iliyoiva, kisu kinavutwa kwa uzito wake wenyewe. Kwa vya Mora nikaongeza kijiti kikavu ninachokichonga vinyoleo vyembamba vinavyojikunja bila kukatika, maana mtu wa kambini hicho ndicho anachotaka kuona, hivyo vinyoleo ndivyo vinavyoshika moto wa kwanza. (Wa mlimani wanajua, ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro huruhusiwi kukata miti wala kuwasha kuni, kwa hiyo wao ni kamba na vitunguu tu.)

Kila video ni ya kisu kile kile kinachouzwa. Nakipa namba, naandika namba kwenye kikaratasi kinachoonekana. Kama kina pengo dogo, nasogeza kamera kwenye pengo. Makali butu yanajitangaza yenyewe, ukiyaelekezea taa ya simu kutoka juu utaona kamstari keupe kanametameta, maana pale pana ubapa unaorudisha mwanga. Makali yaliyonoleka hayaonyeshi chochote. Sasa najipima hivyo kabla ya kuweka chochote mtandaoni, na nikinunua mitumba naenda na simu yangu nakagua pale pale. Bei ninayopewa imeshuka tangu nianze.

Nikaweka 18,000. Hapo awali nilikuwa 12,000, kwa hiyo 6,000 ya juu inalipa msasa 750 na karibu nusu saa ya mikono yangu. Viliondoka vinne kwa wiki moja na viwili mwezi uliofuata. Fanya hesabu ukipenda: 108,000 kwa visu sita, toa 63,000 za kununulia vyote tisa, toa msasa, makapeni, ile nauli ya Arusha. Siyo utajiri. Ila mtaji ulirudi na kitu juu yake, wakati nilikuwa nimeshajiandaa kuukosa.

Mambo mawili ya usumbufu myajue mapema. Kuna mtandao mmoja uliniondolea posti mara mbili kwa sababu ya picha ya kisu mkononi kikielekea kamera. Siku hizi kisu kinalala juu ya ubao, na kuna nyanya au kamba pembeni, halijanipata tena. Na mzigo: ingiza kisu kwenye ala yake, funga ala kwa gundi ya karatasi, kama hakina ala kunja boksi gumu mara mbili juu ya makali na ncha, zungushia gundi, halafu andika nje kwamba ndani kuna kitu chenye makali. Mtu wa basi anayepokea mzigo naye ana vidole. Mteja akikuambia anasafiri kwa ndege, mkumbushe kisu kiende kwenye begi la kukabidhi, siyo la mkononi, vinginevyo kitabaki mlangoni pa ukaguzi. Na mtoto akikuandikia, hata akiwa na hela, mwambie aje na mzazi wake.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba watu walianza kuniuliza kama nanoa vya kwao. Nilikataa kwanza, nikaona ni kujishusha. Halafu mama mmoja mwenye mgahawa akaniletea vinane kwenye ndoo, nikamwambia 3,000 kila kimoja, hakubishana. Sasa kila Jumatatu asubuhi, siku ambayo oda zangu zinakuwa chache, nakaa na kioo changu barazani. Visu vya migahawa vimechakaa kweli kweli, vingi vimepita kwenye grenda na vina mawimbi, hivyo nataja bei nikishaviona, siyo kabla. Vya meno, vile vya kukatia mkate, sipokei. Msasa wa kulaza hauingii kwenye meno.

Yule jamaa wa Arusha nilimtumia video ya kisu chake kile kile, namba tatu, kikikata nyanya. Sikuandika kitu. Alikaa siku mbili, akajibu, "Sasa hiki ndicho nilichokuwa nataka tangu mwanzo dada, bei gani?" Nikamwambia 18,000 na nauli juu yake. Akaomba cha 12,000. Nikamwambia kaka, cha 12,000 ulikirudisha mwenyewe. Akatuma.

Vile vitatu vya bluu bado ninavyo. Kimoja nakisaga kidogo kidogo kwa P240 nikipata nafasi, nimeshaondoa kama milimita moja na nusu, bado bluu haijaisha nchani.